Nyenzo za mwili: tengeneza mkono wa mbao, kisha jipime mwenyewe

Swali huja kila muhula, na huja na sura mbili. Mwanafunzi huuliza: "Mwalimu, kitabu kinasema wenzo hurahisisha kazi, na mkono ni wenzo. Mbona nikishika dumu la lita tano huku nimekunja kiwiko, baada ya muda mfupi tu natetemeka?" Kijana wa kunyanyua vyuma naye huuliza: "Ticha, jamaa yangu ni mfupi, hana hata kifua, lakini chuma anachokikunja yeye mimi kinanishinda. Anakula nini?"

Jibu ni moja. Nyenzo nyingi za mwili hazikupunguzii nguvu hata kidogo. Zinakutoza nguvu kubwa kuliko uzito ulioushika, kisha zinakulipa kwa mwendo: msuli unajifupisha kidogo tu, kiganja kinakwenda mbali na kwa kasi. Nikisema hivyo ubaoni, kesho yake wamesahau. Wakiona mizani inasoma kilo nne kwa sababu ya chupa ya nusu lita, hawasahau. Kwa hiyo tutatengeneza mkono wa mbao kwanza, halafu tutahamia kwenye mkono wako, kichwa, kisigino na mgongo. Tenga kama saa mbili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mbao mbili nyembamba zenye upana wa kama sentimita 4 na unene wa sentimita 1. Moja iwe na urefu wa sentimita 50 (mkono wa juu), nyingine sentimita 40 (kigasha, yaani sehemu ya kuanzia kiwiko hadi kiganja).
- Bolti moja ya milimita 6, nati yake na washa mbili.
- Drili. Kama huna, msumari uliopashwa moto utatoboa, ila polepole.
- Uzi imara wa nailoni au kamba nyembamba ya katani, mita mbili.
- Mizani ya springi ya kuning'iniza, inayofika kilo 10.
- Chupa ya maji ya nusu lita, iliyojaa. Usichukue ya lita moja na nusu: utaona baadaye kwamba ingeivunja mizani.
- Rula, penseli na futi ya fundi cherehani.
- Kiti cha mbao chenye mgongo, na mtu wa kukikalia ili kisipinduke.
- Pakiti moja ya unga ya kilo mbili.

Huna mizani? Pitisha kamba juu ya bomba laini lililolala, funga mfuko upande wa pili, jaza mchanga taratibu hadi kigasha kikae sawa, kisha umwombe mwenye duka akupimie ule mchanga. Kamba itasuguana na bomba, hivyo jibu litakuwa la kukadiria, lakini somo litaonekana.

Nadharia, ile ya lazima tu

Kila wenzo una vitu vitatu: egemeo (panapozungukia), mzigo, na jitihada (nguvu inayotumika). Mwilini egemeo ni kiungo, jitihada ni msuli unaovuta kupitia kano (kamba ngumu inayoushika msuli kwenye mfupa), na mzigo ni kile unachobeba pamoja na uzito wa sehemu ya mwili inayoinuliwa. Daraja la wenzo hutambuliwa kwa kinachokaa katikati. Egemeo likiwa kati, ni daraja la kwanza, kama mkasi. Mzigo ukiwa kati, daraja la pili, kama toroli. Jitihada ikiwa kati, daraja la tatu, kama ufagio mrefu unaoushika kwa mikono miwili. Kumbuka herufi E, M, J kwa mpangilio huo.

Kanuni ni hii: jitihada mara umbali wake kutoka kwenye egemeo ni sawa na mzigo mara umbali wake kutoka kwenye egemeo. Basi.

Sehemu ya kwanza: mkono wa mbao

1. Toboa. Kwenye kigasha, toboa tundu la bolti sentimita 3 kutoka ncha moja. Hapo ndipo kiwiko. Kuanzia katikati ya tundu hilo, weka alama kwenye sentimita 4, 8, 16 na 32, utoboe matundu madogo ya kupitisha uzi. Matundu yote yawe kwenye mstari mmoja. Kwenye mbao ya sentimita 50 toboa tundu moja tu, sentimita 3 kutoka ncha ya chini.

Kosa la kawaida: kupima kuanzia ncha ya ubao. Umbali wote katika wenzo hupimwa kutoka kwenye egemeo, na egemeo hapa ni bolti.

2. Unganisha. Pitisha bolti, weka washa kila upande, kaza nati hadi ishike, kisha ilegeze robo mzunguko. Kigasha kikiachiwa kianguke chenyewe bila kukwama. Mimi mara ya kwanza nilitumia msumari badala ya bolti. Ukajipinda, ubao ukaganda katikati ya kipindi, na darasa zima likajifunza kitu tofauti na nilichokusudia.

3. Simamisha. Funga mkono wa juu wima kwenye nguzo ya mgongo wa kiti, kiwiko kikiwa chini. Kigasha kitokeze nje ya kiti ili kisigonge kitu. Mtu akikalie kiti sasa.

4. Pima ubao mtupu. Funga uzi kwenye tundu la sentimita 4, ning'iniza ndoano ya mizani juu yake, vuta wima hadi kigasha kilale sawa kama meza. Soma. Wangu ulisoma karibu gramu 300, na ubao wenyewe ulikuwa mwepesi kabisa. Andika namba hiyo, kwa sababu ni lazima uitoe baadaye.

5. Weka mzigo. Ning'iniza chupa kwenye tundu la sentimita 32. Hicho ni kiganja. Vuta tena hadi kigasha kilale sawa, soma, utoe uzito wa ubao mtupu. Utapata karibu kilo 4. Piga hesabu: nusu kilo mara 32, gawanya kwa 4. Chupa ya nusu kilo imedai kilo nne. Hii ndiyo kazi ya msuli wa mbele wa mkono kila unapoinua kikombe cha chai, maana jitihada iko kati ya kiwiko na mzigo: daraja la tatu. Mwitaliano Giovanni Alfonso Borelli, aliyefariki mwaka 1679, alishapiga hesabu za namna hii na kuonyesha kwamba misuli huvuta kwa nguvu kubwa sana kuliko mizigo inayoibeba. Kabla yake wengi waliamini kinyume chake.

6. Sogeza uzi. Hamishia uzi kwenye sentimita 8, kisha 16, kisha 32, chupa ikibaki palepale. Kila mara rudia kupima ubao mtupu kwanza. Utapata karibu kilo 2, kilo 1, na nusu kilo.

Hapa daima kuna anayeuliza: "Sasa kwa nini Mungu hakuufunga msuli karibu na kiganja?" Swali zuri. Usilijibu bado.

7. Pima mwendo. Rudisha uzi kwenye sentimita 4. Mwenzako asimamishe rula kando ya chupa. Inua hadi chupa ipande sentimita 16, na uangalie uzi wako umepanda kiasi gani: sentimita 2. Sasa fanya hivyohivyo uzi ukiwa kwenye sentimita 16: mkono wako lazima upande sentimita 8. Msuli hauwezi kujifupisha mno. Ungekuwa umefungwa karibu na kiganja ungekuwa na nguvu za kutisha, lakini usingefikisha tonge mdomoni wala usingerusha jiwe. Isitoshe, ukiukunja mkono, msuli ungening'inia kama kamba ya kuanikia nguo kutoka bega hadi kiganja.

8. Vuta mshazari. Uzi ukiwa bado kwenye sentimita 4, usivute wima. Vuta kuelekea upande wa kiti, uzi ufanye pembe ya kama nyuzi 30 na kigasha. Mizani itaelekea kilo 8, mara mbili ya mwanzo. Zaidi ya hapo usiende, mizani itafika mwisho.

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini mkono uliokunjwa nyuzi 90 una nguvu kuliko ule uliokaribia kunyooka. Umbali unaohesabika ni ule mfupi kuliko wote kati ya egemeo na mstari wa nguvu, si urefu wa mfupa. Msuli ukivuta karibu sambamba na mfupa, nguvu nyingi inaishia kukandamiza kiwiko badala ya kuinua. Kifupa cha mbele ya goti, kiitwacho pia ya goti, kinafanya kazi hiyohiyo kwa upande mwingine: kinaisukuma kano mbele, mbali na kiungo, na kuurefusha umbali wa jitihada wakati wa kunyoosha mguu.

Sehemu ya pili: mwili wako

9. Kigasha chako. Kunja kiwiko nyuzi 90, kiganja juu. Weka vidole vya mkono wa pili kwenye mkunjo wa kiwiko, uone kano ngumu kama kamba. Hiyo inashuka na kujishikiza kwenye mfupa, takriban sentimita 4 hadi 5 kutoka katikati ya kiungo. Tumia 4. Sasa pima kutoka kwenye vinundu viwili vya mfupa vilivyo pembeni mwa kiwiko hadi katikati ya kiganja. Usianzie ncha ya kiwiko ile inayogonga meza, kwa sababu iko nyuma ya egemeo.

Wangu ni sentimita 34. Nikishika pakiti ya unga ya kilo 2: mara 34, gawanya kwa 4, napata 17. Ongeza uzito wa kigasha na kiganja, ambavyo kwa mtu wa kilo 70 ni kama kilo moja na nusu, kitovu cha uzito wake kikiwa yapata sentimita 15 kutoka kiwiko. Hiyo inadai karibu kilo 6 nyingine. Jumla kama kilo 23, kwa ajili ya pakiti ya unga. Kuna msuli mwingine chini ya ule unaoonekana ambao unasaidia, hivyo mzigo huo haubebwi na mmoja peke yake.

Sasa weka unga kwenye mfuko wa sokoni, uuning'inize katikati ya kigasha badala ya kuushika. Umesikia tofauti? Kina mama sokoni wamekuwa wakifanya hivyo siku zote.

Na yule jamaa mfupi: tuseme kigasha chake ni sentimita 28 na kano yake imejishikiza kwenye sentimita 5. Chuma cha kilo 10 kinamdai 56. Wewe mwenye 34 na 4 kinakudai 85. Hali chochote cha ajabu. Ila mkirusha jiwe, huenda wewe ukamshinda.

10. Nyuma ya mkono, kichwa na taya. Bonyeza meza kwa kiganja na ushike nyuma ya mkono wa juu: msuli umekuwa mgumu. Huo umejishikiza kwenye ncha ya kiwiko, upande wa pili wa kiungo, kwa hiyo egemeo liko kati. Daraja la kwanza. Usidhani daraja la kwanza maana yake ni wepesi, kwani umbali wa jitihada hapo ni sentimita chache tu.

Kichwa nacho ni daraja la kwanza. Kina uzito wa kilo 4 hadi 5, kimekaa juu ya uti wa mgongo, na sehemu nzito zaidi iko mbele ya egemeo. Misuli ya shingo inakivuta kwa nyuma muda wote. Mwangalie abiria anayesinzia kwenye daladala: misuli ikilegea, kichwa kinaangukia kifuani. Ukiinamia simu unausogeza mzigo mbele zaidi, na shingo ndiyo inayolipa.

Taya: egemeo liko mbele ya masikio, msuli unavuta karibu na hapo, chakula kiko mbele. Ndiyo maana muwa mgumu unaupeleka kwenye magego bila kufundishwa.

11. Kisigino. Hapa naomba utulie, kwa sababu hata vitabu vinawapoteza watu.

Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, inua kisigino kidogo. Egemeo ni mpira wa unyayo, pale shina la dole gumba linapogusa sakafu. Uzito unashuka kupitia kifundo cha mguu, katikati. Jitihada ni kano ya kisigino, nyuma kabisa. Mzigo uko kati: daraja la pili, kama toroli. Mpaka hapo sawa.

Pima kutoka shina la dole gumba hadi chini ya kifundo, tuseme sentimita 13. Kutoka kifundo hadi kano, sentimita 5. Jumla 18. Mwanafunzi wa kilo 60 anapiga hesabu: 60 mara 13, gawanya kwa 18, anapata kilo 43. Anafurahi kwamba mguu ni wenzo wa nafuu. Si kweli.

Kosa liko wapi? Msuli wa shavu la mguu umeanzia juu ya kifundo. Unapovuta kisigino juu, unauvuta na mwili wako chini kwa nguvu ileile. Kwa hiyo mzigo kwenye kifundo si kilo 60, ni 60 pamoja na mvuto wa msuli wenyewe. Njia fupi ni kupigia hesabu kwenye kifundo: sakafu inasukuma mpira wa unyayo juu kwa kilo 60, umbali 13. Kano inavuta, umbali 5. Sitini mara 13, gawanya kwa 5: kilo 156. Hakikisha kwa njia ya kwanza: kifundo kinabeba 60 na 156, yaani 216. Mara 13 ni 2,808. Kano: 156 mara 18 ni 2,808. Zinalingana.

Kano hiyo moja inabeba zaidi ya mara mbili na nusu ya uzito wako, na wewe umesimama tu. Ukikimbia inazidi. Mwenye maumivu ya kano au kifundo asifanye hatua hii, apige hesabu tu.

12. Mgongo na ndoo. Usijaribu hii kwa ndoo iliyojaa. Fanya kwa hesabu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Misuli inayonyoosha mgongo iko kama sentimita 5 tu nyuma ya egemeo, ambalo ni uti wa mgongo pale kiunoni. Ukiinama na kuinua ndoo ikiwa sentimita 50 mbele yako: 20 mara 50, gawanya kwa 5, ni kilo 200. Bado hujahesabu kiwiliwili chako kilichoinama. Iweke kati ya miguu, chuchumaa, iwe sentimita 25 kutoka kiunoni: kilo 100. Ndoo ni ileile.

Iweke kichwani juu ya kata, ukisimama wima. Umbali kutoka kwenye egemeo unakaribia sifuri, na mgongo hauna cha kupigana nacho ila uzito unaoshuka moja kwa moja. Shida inabaki kwenye kuipandisha, na ndiyo maana watu kisimani hutwishana.

Majibu yakikataa

*Mizani inasoma juu sana hatua ya 5.* Hukutoa uzito wa ubao mtupu, au nati imekaza. Kama vyote viko sawa, angalia uzi: ukiegemea upande wowote badala ya kuwa wima, unarudia hatua ya 8 bila kujua.

*Inasoma chini sana.* Mara nyingi chupa imeteleza kuelekea kiwiko. Funga fundo kwenye tundu, usiifunge kwa kuzungushia ubao.

*Kigasha kinapinduka ubavu.* Matundu hayako kwenye mstari mmoja, au washa umesahau.

*Nimepiga hesabu ya mkono wangu, nimepata kilo 40 kwa pakiti ya unga.* Huenda umepima kutoka begani. Bega halihusiki hapa, kwa kuwa egemeo ni kiwiko.

*Mizani yangu ina nyutoni.* Acha hivyohivyo, lakini na mzigo nao uandike kwa nyutoni: kilo moja ni karibu nyutoni 10. Usichanganye.

*Mkono ukipanda juu ya mlalo, mizani ya ubao haibadiliki, lakini mkono wangu unahisi tofauti.* Vyote viwili ni sahihi. Kwenye ubao unavuta wima siku zote, kwa hiyo umbali wa mzigo na wa jitihada unapungua pamoja. Msuli wako hauvuti wima, unafuata mkono wa juu, na pembe yake inabadilika kila unapokunja.

*Mtihani unauliza kusimama kwa vidole ni daraja gani.* Andika la pili, na uchore egemeo, mzigo na jitihada kama nilivyotaja. Wakikuambia upige hesabu ya nguvu ya kano, rudi kwenye kifundo.